Mwenyeji Hapatikani

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshindwa tena. Mara ya kumi na moja mfululizo! Naandika, kalamu inatoboa karatasi.

Niliweke wazi hapa, kwa kuwa hakuna mwingine atakayeliweka wazi. Mimi ni mwalimu wa udereva. Miaka kumi na tisa. Nimefundisha mahakimu, wakunga, na bwana mmoja mwenye kizunguzungu. Anayenishinda ni wifi yangu, mdogo wake mume wangu, mshonaji wa mapazia, aliyefeli mtihani wa udereva mara tatu, zote tatu mikononi mwangu. Mara ya mwisho alipanda njia ya waenda kwa miguu akalilaza pipa la taka la watahini wenyewe. Niliapa siku ile: huyu simfundishi tena, hata alie machozi ya damu.

Na mtu huyo huyo ananishinda mbio za magari! Kwenye kompyuta, sawa. Lakini gari ni gari.

Alikuja kwetu kukaa wiki mbili, paa lake lilipovuja. Huu ni mwezi wa saba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu nikimpa jembe atalishonea pazia. Amekalia chumba cha nyuma, kilichokuwa darasa langu la alama za barabarani. Leo wanafunzi wangu wanasomea barazani, jua linawachoma, na ile alama yangu kubwa ya SIMAMA imefunikwa na kitambaa cha maua.

Kosa si langu. Kosa ni la mtandao. Kila nikifika kwenye kona gari langu linaganda, lake linapaa. Yeye anacheza kwa laptopu yake kule nyuma, mimi kwa kompyuta yangu sebuleni, kati yetu ukuta mmoja na mlango. Na mchezo unaandika juu ya kioo, kila mtu asome. MWENYEJI: jina lake. MGENI: jina langu. Mgeni! Mimi! Katika nyumba niliyochagua hata rangi ya vitasa!

Jioni mezani nikasema maneno. Nilisema mengi. Mwisho wake tukawekeana sharti mbele ya mama mkwe. Jumamosi, saa nane mchana, mizunguko ishirini. Nikishinda, anahama chumba cha nyuma kabla mwezi haujaisha. Akishinda, namfundisha udereva upya, bure, mpaka apate leseni. Mwamuzi ni mama mkwe. Mume wangu, fundi wa vigae, alisema yeye hayumo, akajimiminia chai.

Siku tano. Zinatosha.

Jumanne, 4 Machi

Nimeingia ndani ya ruta. Kile kisanduku cheupe kinachogawa intaneti nyumbani. Neno la siri limebandikwa tumboni mwake, kwa hiyo si wizi.

Nikakuta orodha ya vyombo vyote vya nyumba hii, kila kimoja na namba yake. Laptopu ya wifi: namba mbili. Televisheni: tatu. Simu ya mama mkwe, ambayo kazi yake ni kuwatumia watu picha za maua kila asubuhi: tano. Mimi? Kumi na nne! Nyuma ya printa isiyo na wino!

Sasa nimeelewa. Foleni ni foleni. Wa kumi na nne atafikaje kwenye kona kabla ya wa pili?

Namba moja haikuwemo kwenye orodha. Nikaona haina mwenyewe. Nikajipa.

Haikupita dakika, nyumba nzima ikafa. Tamthilia ya mama mkwe ilikatika bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anafungua mdomo kujibu kama anakubali au hakubali. Mama alisema ameisubiri ndoa ile tangu mwaka jana. Wifi akatoka na futi ya kupimia shingoni, akalalamika kwamba wateja hawampati. Mume wangu aliitwa kazini, akaja na saruji magotini, akachomeka pini kwenye kitundu cha nyuma ya ruta mpaka ikarudi kama ilivyotoka dukani. Saa nzima alikuwa anaipanga upya. Akatueleza kwamba namba moja ni ya ruta yenyewe, na mtu akiichukua, vyombo vyote vinabisha hodi kwenye mlango usio wenyewe. Akauliza nani kaigusa. Nikasema labda umeme ulicheza.

Wifi alinitazama. Sikuupenda mtazamo ule.

Namba yangu mpya: kumi na sita.

Jumatano, 5 Machi

Mwanafunzi wangu wa saa nne ni fundi wa mitandao. Mtu mzima, ana kipara na wajukuu wawili. Anapanda minara bila kupepesa macho, ila akiona mzunguko wa barabara anatoka jasho. Nikamuuliza habari za michezo ya kompyuta akiwa gia ya pili.

Akaniuliza mchezo wetu unatumia itifaki gani. Nikamwambia kwetu hakuna mgeni rasmi. Itifaki ninayoijua mimi ni ya kwenye sherehe: nani akae mbele, nani atajwe kwanza, halafu msemaji anasema itifaki imezingatiwa na anaanza kuivunja. Alicheka mpaka akasahau klachi. Gari likazima.

Akanieleza. Kompyuta mbili lazima zikubaliane namna ya kuzungumza. Namna ya kwanza ni kama barua ya rejesta: kila kipande cha habari kinasainiwa kwamba kimefika, kikipotea kinatumwa tena. Uhakika upo, ila taratibu. Namna ya pili ni kama kupiga kelele uani: unasema, aliyesikia kasikia, unaendelea. Mbio za magari hupenda kelele. Muhimu, akasema, pande zote mbili ziwe na mpangilio mmoja. Alirudia hilo. Lakini wakati huo alikuwa anauingia mzunguko kwa upande usio wake, mimi nimeng'ang'ania usukani, kwa hiyo sehemu hiyo haikunikaa.

Kelele! Mimi, mwalimu, nipige kelele uani! Nikafika nyumbani, nikafungua mipangilio ya mchezo. Ilikuwa kwenye kelele, na nani kaiweka huko kama si yeye? Nikachagua ya rejesta. Nikabonyeza "Jiunge".

"Anatafutwa mwenyeji."

Dakika kumi. Ishirini. Arobaini. Kisha: "Mwenyeji hapatikani."

Hapatikani! Namsikia hapo ukutani, cherehani inakwenda, anajiimbia! Nikapiga ukuta kwa kiatu. Akaja, akainama, akabonyeza kwa kidole kimoja, mpangilio ukarudi ulikotoka.

"Wifi," akasema, "si ungeniuliza tu?"

Nimuulize! Nyumba hii ina wifi wawili, mmoja wa hewani na mmoja wa chumba cha nyuma, na hakuna hata mmoja nitakayempigia magoti.

Tulicheza mara moja. Matokeo siandiki.

Alhamisi, 6 Machi

Ruta ina mahali pa kupunguza kasi ya chombo kimoja. Si kukizima! Kukipunguza tu, kama tuta la barabarani. Tuta si dhambi. Tuta ni usalama.

Nikatafuta laptopu ya wifi. Tangu Jumanne majina yote yamefutika, yamebaki mafungu ya herufi na tarakimu kama vibati vya namba vya magari ya kigeni. Nikachagua fungu moja lililofanana naye.

Lilikuwa la simu ya mama mkwe. Alikuwa anaongea kwa video na dada yake, hawajaonana miaka mitatu. Dada akaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Mama akadhani amemwona anakata roho. Alipiga ukelele mmoja tu, majirani wawili wakaingia mbio, mmoja na mwiko mkononi.

Nimeliondoa tuta. Mama amepewa maji ya sukari. Anasema nyumba hii imeingiliwa na kijicho. Jioni nzima wifi amekaa naye, anamsugua mikono na kumpepea. Kujipendekeza kwa mwamuzi, siku mbili kabla ya mashindano! Nimeandika tarehe na saa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemleta fundi mwenye kipara nyumbani, kwa ahadi kwamba wiki ijayo hatupiti mzunguko hata mmoja. Wifi alikuwa kwa mteja, anapima madirisha.

Fundi alikagua nyaya. Akakagua ruta. Akatuma vipande vya habari kutoka kompyuta yangu kwenda laptopu ya wifi na kurudi, mia moja kwa hesabu yake, na hakuna hata kimoja kilichopotea njiani. Akasema mtandao huu ni mzima kuliko yeye. Kisha akaniomba nicheze, atazame.

Nikacheza na kivuli cha gari la wifi, marudio ya mbio za Jumatano ambayo mchezo umeyahifadhi. Akasogeza kiti karibu na kioo.

"Mwalimu, mbona unafunga breki?"

"Kuna kona."

"Naiona. Lakini mwenzako hafungi."

"Ndiyo maana alifeli."

"Mwalimu, hiyo barabara haina watu."

"Leo haina."

Akaniambia, kwa ule upole wa mtu anayempa mgonjwa majibu, kwamba gari langu haligandi. Nalipunguza mwenyewe. Kila kona mpaka gia ya kwanza. Na mara mbili, alisema, ameniona nikisimama kabisa kwenye mstari mweupe nione kama kuna anayevuka.

Nimemfukuza. Nimemwambia wiki ijayo atapita mizunguko yote ya mji huu, mmoja baada ya mwingine, na kurudi. Fundi gani huyu, umemwita atengeneze mtandao, yeye anatengeneza watu!

Lakini dawa nimeipata mwenyewe. Ruta ina ratiba, imewekwa kwa ajili ya wazazi wenye watoto wasiotaka kulala: chombo fulani kinyimwe mtandao kuanzia saa fulani mpaka saa fulani. Na safari hii sikubahatisha. Wifi alipokwenda kuoga niligeuza laptopu yake, nikanakili herufi zote za kwenye kibandiko. Mbio zinaanza saa nane. Nikaandika: kuanzia 8:30 mpaka 9:30. Atakuwa mbele, anapaa, anajiona. Halafu ghafla, kimya! Gari lake litasimama kama punda aliyechoka. Nitalipita taratibu, kwa mwendo halali.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nilikuwa na wanafunzi watatu mfululizo. Nimerudi adhuhuri, nikamkuta wifi amekaa kitandani, laptopu mapajani, macho yamevimba. Amelia! Ameniogopa! Nilikula sahani mbili.

Saa nane kamili tukaanza. Mama mkwe aliwekewa kiti mlangoni, kati ya sebule na chumba cha nyuma, aone vioo vyote viwili. Mzunguko wa kumi, wifi yuko mbele kwa mbali. Sijali. Natazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika ishirini na tano. Ishirini na nane. Nane na nusu!

Hakuna kitu.

Nane na dakika thelathini na tano. Linapaa tu! Nikagonga meza. Nikagonga ruta. Alimaliza mimi nikiwa bado nina mizunguko mitatu, na mama akatangaza mshindi bila hata kunisubiri nifike.

Wifi hakushangilia. Hakutabasamu hata. Aliifunga laptopu, akaweka mikono juu yake, akasema leo alitaka kutupa habari njema. Sasa imegeuka mbaya, lakini atatuambia hivyo hivyo.

Alikuwa amepata mahali. Chumba cha kazi karibu na soko, kina dirisha kubwa, na juu yake pa kulala. Kimoja tu. Fomu ilifunguliwa mtandaoni leo saa mbili na nusu asubuhi, na wa kwanza kutuma ndiye anayepewa. Alijiandaa wiki nzima, vyeti vyote vimo kwenye laptopu. Hakutuambia kwa sababu alitaka iwe zawadi. Mbio ashinde au ashindwe, chumba cha nyuma angenikabidhi yeye mwenyewe, kimefagiliwa. Ilipofika saa mbili na nusu, laptopu ikakosa mtandao. Simu inapata, televisheni inapata, laptopu haipati. Alihangaika nayo mpaka saa tatu kasoro kumi. Nafasi ikawa imechukuliwa.

"Saa ngapi ilikatika?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Mbili na nusu, wifi. Kama vile mtu kaipangia."

Mume wangu akaweka kikombe chini. Akafungua ruta kwa simu yake. Akatafuta. Akasoma kwa sauti: kuanzia 8:30 mpaka 9:30. Asubuhi.

Nane na nusu! Mimi niliandika nane na nusu! Hata mtoto mchanga anajua nane na nusu ni mchana, watu wameshakula! Mtambo gani huu unaoanza kuhesabu saa usiku wa manane, kama mwizi? Niliwaeleza hivyo. Niliwaeleza nimesimama. Nilikuwa katikati ya kueleza nilipogundua kwamba nimeungama.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna anayesema nami. Mama mkwe ananitumia salamu kupitia mwanawe: mwambie mkeo anipe chumvi. Chumvi iko mbele yangu. Mimi niko mbele ya mama.

Nimeomba radhi. Nilisema, "Samahani wifi, kama saa ya ruta imekukosea." Mama akasema, kupitia mwanawe, kwamba hiyo si samahani. Nikasema basi samahani kwa yote, kwa jumla. Wifi akasema ahsante, akarudi chumbani kwake. Nilipita mlangoni baadaye. Cherehani ilikuwa wazi na kitambaa kimewekwa chini ya sindano, lakini haikuwa inakwenda. Alikuwa amekaa tu.

Nina hasira ya kupasua vigae. Ya nani, sijui.

Jumatatu, 10 Machi

Somo la kwanza. Sharti ni sharti.

Alifunga mkanda, akarekebisha vioo bila kuambiwa. Nikasema moyoni, ehe. Kisha tukaingia kona ya kwanza kwa mwendo ambao sijauona nje ya kompyuta. Nilikanyaga breki ya upande wangu mpaka goti likalia. Akasema kule kwenye mchezo haifungwi. Nikamwambia kule hakuna mama anayevuka na kapu. Mama mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya barabara, kapu kifuani, anatutazama. Tulimwomba radhi wote wawili kwa pamoja. Ndilo jambo la kwanza tulilowahi kulifanya kwa pamoja.

Baada ya hapo alikwenda taratibu. Vizuri hata, nikisema kweli. Akanieleza kwamba leseni anaitaka ili abebe vitambaa na fito za mapazia mwenyewe. Amechoka kusimama mlangoni kwa mteja na mzigo kichwani, anasubiri mtu wa kumhurumia. Tukasimama kivulini kando ya shule. Akazima injini.

"Wifi, ungeniambia tu kwamba unakitaka chumba chako. Ningehamia hata sebuleni na cherehani yangu."

Nikaanza kurekebisha kioo ambacho yeye alishakirekebisha.

"Siku ya kwanza uliniambia nijisikie niko nyumbani," akasema. "Nilikuamini."

Neno lilikuwepo. Lilishafika ncha ya ulimi. Halafu nikafikiri: na yeye je! Miezi saba yote, kwa nini hakuniambia kwamba nikimwambia atanipa? Si angeniepusha na taabu yote hii? Hasira zikanipanda upya, afadhali ya jana. Nikamwambia awashe indiketa, tuondoke.

Akawasha wipa.

Ijumaa, 14 Machi

Chumba cha sokoni kimepatikana tena! Aliyepewa amejitoa. Fomu inafunguliwa leo saa nne asubuhi. Safari hii wifi alitangaza mezani, kila mtu akasikia. Mume wangu ameipandisha ruta juu ya kabati, ameizungushia utepe, akaandika kwa kalamu nene: USIGUSE. Hakutaja mtu. Alipomaliza kuandika alinitazama mimi, mama akanitazama mimi. Huu ni uonevu!

Maana mimi nimebadilika, nataka liandikwe. Sina nia mbaya hata chembe. Nakitaka kile chumba kuliko anavyokitaka yeye. Nimeahirisha wanafunzi wote wa asubuhi nibaki nyumbani kuhakikisha mambo yananyooka. Mume wangu yuko kazini. Mama yuko bafuni.

Utepe sijaugusa. Nimeingia kwa simu, kutazama tu. Na bahati yake nimetazama! Ruta yenyewe inaomba msaada: programu yake imepitwa na wakati, kuna toleo jipya, lenye kasi zaidi, na hakuna hata mmoja wao aliyeliona. Fundi wa vigae! Anajua nini? "Sakinisha sasa?" Ningekuwa binadamu wa namna gani kusema hapana? Nimebonyeza "Ndiyo" saa nne kasoro dakika tano, ili ile kasi imkute yuko tayari.

Inasema itachukua dakika arobaini na isizimwe kwa hali yoyote. Taa zote zimezimika, hata ile ya kijani. Bila shaka inakusanya nguvu.

Namsikia wifi ananiita kutoka chumba cha nyuma. Kwa sauti kubwa kabisa, sasa mara ya tatu. Hakukuwa na haja ya kunishukuru mapema hivi, lakini acha niende.